Mgongano wa maslahi kwa wakurugenzi na kuteua mawakala wa kampuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kukaa pembeni ya meza ya bodi na kuandika muhtasari wa kikao, kwa hiyo naona vitu vingi ambavyo wenyewe wanadhani havionekani. Haya ni maswali ninayoulizwa kwenye korido baada ya kikao, maana ndani ya kikao hakuna anayeuliza, wote wanajifanya wanajua. Kesi nyingi hapa ni za Uingereza kwa sababu kanuni hizi zilikomaa huko, na vifungu nitakavyotaja ni vya Sheria ya Kampuni ya huko ya mwaka 2006. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza zina kanuni zinazofanana, ila namba za vifungu na viwango vya pesa vinatofautiana, so angalia za kwako.

Mgongano wa maslahi ni nini hasa? Mi nikisikia hilo neno nahisi kuna mtu kaiba.

Hapana, wizi ni kesi nyingine kabisa. Mgongano ni pale kampuni inataka kununua kwa bei ya chini, muuzaji anataka bei ya juu, halafu wewe umekaa pande zote mbili za meza. Njia mbili zilimshinda fisi, na mkurugenzi naye ni hivo hivo. Unaweza ukawa mtu safi kabisa na bado uko kwenye mgongano, kwa sababu sheria inaangalia umesimama wapi kabla haijaangalia umechukua nini.

Hii ni kanuni ya zamani sana. Mwaka 1726 kulikuwa na kesi ya Keech dhidi ya Sandford, mdhamini anasimamia pango (mkataba wa kupanga) la soko kwa niaba ya mtoto, pango likaisha, mwenye mali akagoma kumpangisha mtoto, basi yule mdhamini akachukua pango kwa jina lake. Mtoto asingelipata vyovyote vile! Mahakama ikasema hata kama, mdhamini ndo mtu pekee asiyeruhusiwa kulichukua, na faida yote ni ya mtoto. Kesi nyingi za wakurugenzi unazozisikia leo ni wajukuu wa hiyo.

Lakini bei ilikuwa nzuri na kampuni haikupata hasara. Bado kuna shida?

Ndiyo, na hili ndo jibu ambalo watu hawalipendi. Aberdeen Railway dhidi ya Blaikie Brothers, 1854. Kampuni ya reli iliagiza vile vyuma vinavyoshika reli kwenye mataruma, muuzaji ni ubia ambao mmoja wa wabia wake alikuwa pia mkurugenzi wa hiyo kampuni ya reli. Mzigo ukaletwa kiasi, baadaye kampuni ikagoma kupokea uliobaki. Mahakama kuu ya rufaa ikasema kampuni haifungwi na mkataba huo, na haikutaka hata kusikia kama bei ilikuwa ya haki. Sababu yake ina mantiki ukiifikiria: mahakama haina namna ya kujua ungeweza kubanana bei kiasi gani kama usingekuwa wewe upande wa pili.

Kwa hiyo sentensi ya "ila nimewapa bei ya kirafiki" usiiweke kwenye barua yako ya utetezi kama hoja ya kwanza. Mimi nimeshaiona kwenye barua nyingi, haijawahi kumsaidia mtu.

Vipi kama mwenye dili siyo mimi, ni mke wangu au kaka yangu?

Maslahi ya moja kwa moja na yasiyo ya moja kwa moja yote yanahesabika. Kwa mambo fulani makubwa sheria ina orodha kabisa ya watu wa karibu: mume au mke, mwenza mnayeishi naye, watoto, watoto wa kambo, wazazi, na kampuni ambayo wewe na hao watu mna asilimia 20 au zaidi ya hisa zake. Cha ajabu ni kwamba kaka na dada hawamo kwenye orodha hiyo ya Waingereza. Kuna mkurugenzi alikuja kunionyesha hilo kwenye simu, ana furaha kama kashinda bahati nasibu, nikamuuliza hiyo pesa akishalipwa kaka yako we unapata chochote, akanyamaza. Orodha ni ya vifungu fulani tu, haifuti swali la msingi. Kama mtu wa kawaida akiangalia atasema huyu hawezi kuamua kwa uhuru, we tangaza, hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kutangaza sana.

Natangazaje? Nasimama naongea au naandika barua?

Kifungu cha 177 kinakuruhusu kutangaza kwenye kikao, au kwa maandishi kwa wakurugenzi wenzako, au kwa tangazo la jumla, yaani unasema mimi ni mwanahisa wa kampuni fulani na mnihesabu nina maslahi kwenye kila mkataba wa nayo kuanzia leo. Sharti kubwa ni mambo mawili. La kwanza, iwe kabla kampuni haijaingia kwenye mkataba. La pili useme aina ya maslahi na ukubwa wake, siyo "nina uhusiano kidogo". Mambo yakibadilika baadaye, mfano ulikuwa na asilimia 5 sasa una 40, unatangaza tena.

Ngoja niwape picha. Kuna kikao nilikuwa naandika, ajenda ya 6, zabuni ya uchapishaji. Mkurugenzi mmoja akasema huku anachezea kofia ya kalamu, "hao jamaa nawafahamu fahamu, ni watu wazuri". Kikao kikaendelea, zabuni ikapita. Miezi kadhaa baadaye ikajulikana yeye ni mbia wao kwa nusu. Akaniambia lakini si nilisema nawafahamu, we angalia muhtasari wako. Nikaangalia, na kweli ipo, mstari mmoja: "Mjumbe alieleza kuwa anawafahamu wazabuni." Huo mstari ulimmaliza, maana ulionyesha alikuwa na nafasi ya kusema na akasema robo.

Mstari ulio mzima unakuwa hivi: "Kabla ya ajenda kujadiliwa, mjumbe alitangaza kuwa anamiliki asilimia 50 ya kampuni inayoomba zabuni. Alitoka nje saa 4:10, akarudi saa 4:35 baada ya uamuzi." Fupi, ina saa, ina asilimia. Mimi siku hizi nikisikia "nawafahamu fahamu" nasimamisha kalamu nauliza, mjumbe samahani, niandike kiasi gani? Wananichukia kidogo ila poa.

Lazima nitoke nje? Siwezi kukaa tu nikanyamaza bila kupiga kura?

Inategemea katiba ya kampuni yenu. Sheria inakutaka utangaze, mambo ya kura na akidi (idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali) kwenye mikataba na kampuni yenyewe yanaachiwa katiba, na katiba za mfano za Uingereza zinasema mwenye maslahi hahesabiwi kwenye kura wala akidi, japo kuna mambo yanayosamehewa. Ushauri wangu toka nje. Watu hawawezi kumjadili mtu aliyekaa mbele yao anakunywa chai. Ila kabla hujatoka hesabuni akidi, maana nimeona wakurugenzi watatu, mmoja akatoka, waliobaki hawatoshi, uamuzi wote ukawa hewa.

Nimepata fursa nje ya kampuni na kampuni haiwezi kuimudu. Naweza kuichukua mwenyewe?

Hapa ndo kuna moto, soma taratibu.

Kwanza hili ni boksi tofauti na lile la juu. Ukifanya biashara NA kampuni, kazi yako ni kutangaza. Ukichukua fursa, mali au taarifa ambayo kampuni ingeweza kuitumia, hiyo ni kifungu cha 175 na kutangaza peke yake hakutoshi, unahitaji RUHUSA. Kwa kampuni binafsi wakurugenzi wasio na maslahi wanaweza kuitoa kama katiba haikatazi, kwa kampuni ya umma (siyo ya serikali, ni ile inayoweza kuuza hisa kwa watu wote) lazima katiba iseme wazi kuwa wanaweza. Na kura yako haihesabiwi.

Sasa Regal (Hastings) dhidi ya Gulliver, 1942. Kampuni ina ukumbi wa sinema, inataka kupanga kumbi nyingine mbili kupitia kampuni tanzu. Mwenye nyumba anataka tanzu iwe na mtaji wa pauni 5,000 uliolipwa, kampuni mama ina 2,000 tu. Basi wakurugenzi wanne wakachangia 500 kila mmoja kutoka mfukoni kwao, mwanasheria wa kampuni 500, na mwenyekiti akatafuta watu wa nje wa 500 zilizobaki. Dili likaenda, baadaye hisa zote zikauzwa, kila hisa ikaleta faida ya zaidi ya pauni 2 na nusu. Wamiliki wapya wa kampuni wakawashtaki wakurugenzi wa zamani na WAKASHINDA. Hakuna aliyesema wale jamaa walikuwa wezi, mahakama ilikubali walikuwa na nia njema. Lakini fursa waliipata kwa sababu ni wakurugenzi, wanahisa hawakuulizwa, faida irudi. Na anayechekesha ni yule mwanasheria, yeye alibaki na yake, kwa sababu hakuwa mkurugenzi na bodi ilimruhusu. Yaani azimio moja dogo la wanahisa lingewaokoa wote wanne.

Na usijaribu kujiuzulu ili uikimbize fursa. Mwaka 1972, kesi ya Industrial Development Consultants dhidi ya Cooley, mkurugenzi mtendaji ni msanifu majengo, bodi ya gesi ikamfuata yeye binafsi ikamwambia hatutaki kampuni yako tunakutaka wewe. Akamwambia mwenyekiti anaumwa, akaachiwa, akaenda kuchukua kazi. Kampuni ilikuwa na nafasi kama asilimia 10 tu ya kuipata ile kazi, na bado akaamriwa arudishe faida yote. Kuna nyingine ya 2003, Bhullar dhidi ya Bhullar, kampuni ya familia ambayo ilishaamua hainunui tena majengo, wakurugenzi wawili wakaona jengo jirani na mali ya kampuni linauzwa wakalinunua kimya kimya. Wakapoteza. Walitakiwa waseme kwanza.

Kuna upande mwingine pia, nisikutishe bure. Kanada mwaka 1966, Peso Silver Mines dhidi ya Cropper, bodi ililetewa maeneo ya uchimbaji ikayajadili kwa nia njema ikayakataa, baadaye mkurugenzi akajiunga na wenzake kuyanunua, Mahakama ya Juu ya huko ikasema abaki nayo. Mahakama za nchi nyingine ni kali zaidi ya hapo kwa hiyo usiitumie kama pasipoti, pata ruhusa ya maandishi.

Sisi tuna hisa nyingi, si tunapiga tu kura ya kujisamehe?

Walijaribu. Cook dhidi ya Deeks, 1916. Wakurugenzi watatu kati ya wanne walichukua mkataba wa ujenzi wa reli kwa jina lao, wakaitisha mkutano wa wanahisa, na kwa robo tatu ya kura waliyokuwa nayo wakapitisha kuwa kampuni haina maslahi kwenye mkataba ule. Baraza lililokuwa linasikiliza rufaa za makoloni likasema huko ni kujigawia mali ya kampuni. Leo kifungu cha 239 kinasema wanahisa wanaweza kuridhia kosa la mkurugenzi lakini kura zake na za watu wake wa karibu hazihesabiwi.

Na mali ikiwa kubwa, mfano mkurugenzi anaiuzia kampuni nyumba, kifungu cha 190 kinataka azimio la wanahisa kama thamani inazidi pauni 100,000, au inazidi asilimia 10 ya mali halisi ya kampuni (mali ukitoa madeni) na pia inazidi pauni 5,000.

Mkurugenzi niko peke yangu. Nimtangazie nani?

Haha. Kuna kesi ya 1996, Neptune dhidi ya Fitzgerald, mkurugenzi pekee alijipitishia kiinua mgongo cha zaidi ya pauni 100,000, na jaji akasema hata ukiwa peke yako, chini ya sheria ya wakati ule, ulitakiwa ufanye kikao, ujitangazie, utulie ufikirie, kisha uandike. Chini ya sheria ya 2006 tangazo ni kwa wakurugenzi "wengine" so kama hawapo hawapo. Ila andika tu, siku ukiuza kampuni mnunuzi ataomba hayo makaratasi.

Zawadi na kamisheni kutoka kwa wasambazaji je?

Kalenda na kikombe chukua. Kamisheni usiguse. Kifungu cha 176 kinakataza kupokea faida kutoka nje kwa sababu ya ukurugenzi wako, isipokuwa ile ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kuleta mgongano. Mwaka 1888 (Boston Deep Sea Fishing dhidi ya Ansell) mkurugenzi mtendaji alikuwa anapokea kamisheni ya siri kwa waunda boti za uvuvi. Kampuni ilimfukuza kwa sababu nyingine, kamisheni ikagundulika baada ya kumfukuza, na bado mahakama ikasema kufukuzwa kwake ni halali kwa hiyo sababu iliyokuja nyuma.

Haya, wakala. Wakala wa kampuni ni nani, na anahusianaje na yote haya?

Kampuni ni mtu wa karatasi, haina mkono wa kushika kalamu. Kila kitu inachofanya kinafanywa na mtu kwa niaba yake, na huyo mtu ndo wakala: meneja mauzo, dalali wa kununua kiwanja, mwanasheria, na bodi yenyewe pia. Mjumbe hauawi, yaani wakala akifanya kazi ndani ya mamlaka yake mkataba ni wa kampuni na mteja, yeye anatoka. Lakini deni la uaminifu analo kama mkurugenzi: asijinufaishe kisiri, asihudumie pande mbili bila idhini, asimpe mtu mwingine kazi aliyopewa yeye bila ruhusa.

Na uhusiano wenyewe ni huu: dili nyingi chafu nilizoziona hazikuwa mkurugenzi kuuzia kampuni kitu. Zilikuwa mkurugenzi kupendekeza wakala. Wakala analipwa asilimia, asilimia inagawanywa huko nje, na kwenye muhtasari inaonekana kampuni imeteua mtaalamu tu.

Tunamteuaje wakala vizuri?

Azimio la bodi kwanza, halafu barua au mkataba. Ndani yake weka jina, kazi gani hasa, kikomo cha pesa anachoweza kusaini, eneo, muda, analipwaje, na sentensi kuwa hapokei chochote kutoka upande wa pili. Kama atasaini hati nzito za mali mpe hati rasmi ya uwakilishi iliyotiwa saini kama sheria yenu inavyotaka. Kama mkurugenzi yeyote ana hisa kwa huyo wakala, rudi juu kwenye kutangaza, hakuna njia ya mkato.

Msisahau kikomo. Wakala asiye na kikomo ni kama kumpa mtu kadi ya benki na namba ya siri ukamwambia nunua mkate.

Mtu kasaini bila ruhusa yetu. Tunabanwa?

Mara nyingi ndiyo, na wateja wangu wanaumia sana wakisikia hivi. Freeman & Lockyer dhidi ya Buckhurst Park Properties, 1964: bwana mmoja alikuwa anafanya kazi zote za mkurugenzi mtendaji bila kuteuliwa, bodi inamwona na imekaa kimya, akaajiri wasanifu majengo, kampuni ikakataa kulipa. Ikalipa. Mahakama ilisema nyie ndo mliomwacha aonekane hivyo machoni pa watu. 1971, Panorama dhidi ya Fidelis, katibu wa kampuni alikodi magari kwa jina la kampuni halafu anayaendesha kwa mambo yake, kampuni ikalipa, kwa sababu kazi ya katibu kwa kawaida inahusisha vitu vya kiutawala kama hivyo.

Halafu kuna kanuni ya Turquand ya 1856: mtu wa nje akikuta katiba inasema wakurugenzi wanaweza kukopa kwa azimio, halazimiki kuja kuchungulia kama azimio lilipita kweli, ilimradi ana nia njema. Sheria ya 2006 imeongezea nguvu kwenye kifungu cha 40.

Ila kuna mpaka. Anayepaswa kumwonyesha mteja kwamba mtu ana mamlaka ni KAMPUNI. Wakala hawezi kujitangaza mwenyewe kuwa ana mamlaka halafu hiyo ikawa mamlaka, hilo lilisemwa mwaka 1986 kwenye kesi ya Armagas dhidi ya Mundogas. Na akidanganya kuwa ametumwa wakati hajatumwa, aliyeumia anamdai yeye binafsi, kanuni ya tangu 1857, Collen dhidi ya Wright.

Kampuni haijasajiliwa bado, naweza kusaini kwa niaba yake?

Saini ukijua deni ni lako. Mwaka 1866 kwenye Kelner dhidi ya Baxter, waanzilishi wa kampuni ya hoteli waliagiza mvinyo kwa niaba ya kampuni ambayo haijazaliwa, mvinyo ukanyweka, kampuni ikafilisika, waanzilishi wakalipa wenyewe. Huwezi kuwa wakala wa mtu ambaye hayupo.

Wakala wetu amelipwa na muuzaji pia, sisi hatukujua. Hiyo pesa ya nani?

Yenu. Kundi la wawekezaji lilinunua hoteli Monte Carlo kwa yuro milioni 211.5, aliyewajadilia bei alikuwa na mkataba wa pembeni na muuzaji wa kulipwa milioni 10. Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2014 (FHR European Ventures dhidi ya Cedar Capital) ikasema zile milioni 10 tangu alipozipokea alikuwa anawashikia waliomtuma. Maana yake siyo deni tu, ni mali yenu, mnaweza kuifuata hata kama kainunulia kitu, na akifilisika hampangi foleni na wadai wengine.

Tunamwondoaje wakala?

Kumwandikia yeye barua ni nusu ya kazi. Waandikieni na wateja na mabenki anaofanya nao kazi, siku hiyo hiyo, mchukue mihuri, vitabu vya risiti, kitambulisho, zimeni barua pepe. Asiyeambiwa ana haki ya kuamini bado ni mtu wenu.

Nimeshakosea, mkataba umeshasainiwa na sikutangaza. Nifanyeje?

Tangaza leo. Kifungu cha 182 kinakutaka utangaze maslahi kwenye mkataba uliokwisha kuingiwa mapema iwezekanavyo, na kutofanya hivyo ni kosa la jinai lenye faini. Hilo halifuti kosa la kwanza: kampuni bado inaweza kuuvunja mkataba au kukudai faida, au wanahisa wakauridhia bila kura yako. Andika tarehe ya kweli. Usiniombe nirudishe tarehe nyuma kwenye muhtasari, nimeshaombwa mara tatu, na mara zote tatu aliyeomba alikuwa ameshanitumia ombi hilo kwa meseji.